Memori Kadi ya Kibanda cha Mahamri

Jumatano Mwatime hakuwa na zamu. Siku nyingine zote alikuwa mjini Rockville akiwatunza wazee. Aliwaogesha, aliwakumbusha dawa, aliwasikiliza wakilalamikia watoto wao. Lakini Jumatano ilikuwa yake. Alifua, alipika, kisha alikaa mezani na kuwatumia watu wa nyumbani harusi.

Ndiyo, aliwatumia harusi. Waswahili wa Wheaton, mji wa Marekani alikoishi, walimjua Mwatime kwa mambo mawili. La kwanza ni mahamri yake. La pili ni memori kadi. Mtu akiozesha mtoto huku Marekani, shangazi zake walioko Mombasa na Ukunda wanataka kuiona harusi yote, tangu bi harusi anapotiwa hina hadi sahani ya mwisho ya biriani. Video ndefu hivyo inasumbua kupita kwenye simu. Basi Mwatime huikopi kwenye memori kadi, huifunga kadi kwa karatasi ya jikoni, na msafiri wa kwanza huibeba. Kadi hurudi na msafiri mwingine, ikiwa na harusi ya huko.

Kadi hizo alizitia zote kwenye kopo la biskuti. Hakuandika jina juu ya hata moja.

"Hakuna kadi inayonishinda mimi," alizoea kusema, na alisema hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jumatano hiyo mlango uligongwa. Mzigo ulikuwa umefika. Mwatime aliufungua kwa kisu cha jikoni. Ndani yake mlikuwa na kompyuta ndogo kama pakiti ya karata.

Kompyuta hiyo ilikuwa ya kibanda. Karibu na stesheni ya treni ya Wheaton palikuwa na soko jipya la vyakula, na Mwatime alikuwa amepewa kibanda ndani yake. Alikingojea tangu bintiye Layla hajaanza shule. Mgongo wake ulikuwa umechoka kuinua wazee. Alitaka kusimama mbele ya chakula chake mwenyewe, chini ya jina lake mwenyewe. Alikitaka kibanda kile hata usingizini.

Lakini soko lilikuwa na sharti. Kila kibanda kilikuwa na televisheni ukutani. Mwenye kibanda alitakiwa aonyeshe hapo vyakula vyake na vitu vilivyomo ndani yake, maana kuna watu wakila karanga au nazi wanaumwa. Televisheni ilikuwa ya soko. Mashine ya kuiendesha ulijitafutia. Ambaye skrini yake isingewaka Jumamosi ya ufunguzi, kibanda chake kingepewa mtu mwingine aliyekuwa akingojea.

"Kompyuta yenyewe ndiyo hii?" Jabir, mumewe, aliuliza aliporudi kazini. Jabir aliendesha basi la abiria wa uwanja wa ndege. "Mbona haina kioo? Haina hata pa kuandikia."

"Unaichomeka kwenye televisheni, Baba Layla. Halafu unaipa kibodi na mausi. Ni rahisi, haina makuu."

"Na hii karatasi inasemaje?"

Mwatime aliisoma. Ilisema kompyuta haina mfumo endeshi ndani yake. Mfumo endeshi ni programu kuu. Ndiyo inayoiamsha kompyuta na kuiambia la kufanya. Bila mfumo endeshi, kompyuta ni bati tu. Kwenye kompyuta hii ndogo, mfumo huo hukaa kwenye memori kadi, na kadi hiyo unaiandaa mwenyewe.

Mwatime alicheka. "Memori kadi? Hapo wamemfikia mwenyewe."

Alifungua laptopu yake. Alikwenda kwenye tovuti ya watengenezaji wa kompyuta ile, akapakua faili ya mfumo endeshi. Ilikuwa faili moja kubwa. Alitoa kadi kwenye kopo, akafuta harusi ya zamani iliyokuwa na nakala nyingine, akaikopi faili ile na kuipesti kwenye kadi. Ndivyo alivyofanya na harusi zote. Akaitia kadi kwenye kompyuta ndogo, akaiunganisha na televisheni ya sebuleni, akachomeka umeme.

Taa nyekundu iliwaka. Televisheni ilikaa nyeusi.

"Subiri," Mwatime alisema. "Inaamka."

Walisubiri. Chai ilipoa. Layla alipita, akatazama, akasema kwa Kiingereza kwamba imeharibika. Layla alielewa kila neno la Kiswahili, lakini majibu yake yote yalikuwa ya Kiingereza.

"Labda imekufa," Jabir alisema.

"Itakufaje nayo ndiyo kwanza imezaliwa?"

Mwatime alibadilisha kadi. Akabadilisha waya. Akakopi faili upya, mara hii polepole, kana kwamba faili ingeona adabu yake. Televisheni ilikaa nyeusi vilevile.

Alhamisi jioni, akitoka kazini, alijaribu tena huku anakaanga mahamri. Kichwa chake chote kilikuwa kwenye ile taa nyekundu. Mahamri yakaungua. Mwatime hakuwahi kuunguza mahamri tangu alipokuwa msichana! Moshi ulijaa jikoni, na king'ora cha moshi kikalia hadi ghorofa za juu.

Mlango uligongwa kwa nguvu. Alikuwa Sabine, jirani wa ghorofa ya juu, kashika viatu mkononi. Sabine alitoka Bukavu, kule Kongo, ambako 'ndiyo' husemwa 'njo'. Kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta za ofisi moja kule Rockville.

"Mama Layla! Kuko moto?"

"Hakuna moto, dada Sabine. Kuna aibu."

Sabine aliingia. Jabir alikuwa juu ya kiti, akikipepea king'ora kwa gazeti. Sabine aliyatazama mahamri meusi, kisha akaiona kompyuta ndogo mezani, na televisheni nyeusi. Akavaa viatu vyake.

"Haka kaordinatere kanakusumbua?" aliuliza, akiionyesha kompyuta.

Mwatime hakutaka kusema. Mtu aliyejisifu kwa memori kadi mtaa mzima anaombaje msaada wa memori kadi? Lakini Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Aliketi na macho yakamjaa machozi.

"Nitakosa kibanda," alisema. "Nimeshawaambia watu wote. Hata mamangu kule Ukunda anajua. Jumamosi wataniona nimesimama mbele ya skrini nyeusi, halafu Jumatatu narudi kuinua wazee."

"Bon. Usilie kwanza," Sabine alisema. "Nionyeshe vile ulifanya."

"Nilipakua faili. Nikaikopi. Nikaipesti kwenye kadi. Kama ninavyofanya harusi."

Sabine aliichukua ile kadi, akaichomeka kwenye laptopu, akatazama. Alitabasamu, lakini si kwa kumcheka.

"Njo shida iko hapo. Sikia, Mama Layla. Unga wa mahamri ukiwa bado ndani ya mfuko, unaweza kuutia kwa mafuta pamoja na mfuko wake?"

"Wazimu gani huo?"

"Njo kitu umefanya. Ile faili ni mfuko. Mfumo endeshi uko ndani, umefungwa. Harusi unaikopi tu, na inaonekana, sababu kule Mombasa kuko mashini ingine yenye iko tayari macho. Hiyo mashini inaifungua. Haka kaordinatere hakajaamka bado. Hakawezi kufungua mfuko."

"Sasa nani ataufungua?"

"Programu ya kuandikia kadi. Wenye kutengeneza kaordinatere wanaitoa bure, kwa tovuti yao. Inafungua ile faili na kuandika kila kitu kwa kadi, kila kitu fasi yake. Kukopi ni kuweka. Kuandika ni kuipanga kadi upya, tangu mwanzo mpaka mwisho."

Mwatime aliwaza kidogo. Kisha akajipiga paji la uso. "Yaani siku mbili nakaanga mfuko!"

Jabir alicheka hadi akakaribia kuanguka kitini. Mwatime naye akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu Jumatano.

Sabine aliisogeza laptopu mbele ya Mwatime. "Mi sitagusa. Jumamosi niko kazini, na kule simu zetu zinafungiwa ndani ya sanduku. Mikono ya kufanya iko yako. Pakua ile programu kwanza."

Mwatime aliipakua kutoka kwenye tovuti ileile ya watengenezaji.

"Ukiichukua fasi ingine, unaweza kupata programu ya wezi," Sabine alisema. "Sasa leta kadi."

Mwatime alitia mkono kwenye kopo la biskuti, akatoa kadi ya kwanza aliyoishika.

"Hiyo iko na nini?"

"Harusi. Zote ni harusi tu, na nakala zake ziko kwenye diski ya kuchomeka ya Jabir."

"Una hakika? Programu hii ikiandika, yote yenye ilikuwa kwa kadi inafutika. Itakuuliza mara moja. Ukisema ndiyo, imekwisha. Ifungue kwanza tuone."

Mwatime aliifungua ili kumridhisha tu. Video ikaanza. Haikuwa harusi. Palikuwa na sinia, unga, na mikono miwili yenye nguvu ikikanda. Kisha kamera ikapanda, na uso wa mama yake, Bi Ummu, ukajaa kwenye skrini. "Unga usiuonee huruma," Bi Ummu alikuwa akisema kwenye video. "Ukiuonea huruma, nao hautakuonea. Kanda!"

Mwatime aliweka mkono mdomoni.

Video ile aliirekodi Yasir, mdogo wake, kabla mama yao hajaanza kuugua. Simu aliyoirekodia ilishaibiwa. Siku hizi mikono ya Bi Ummu inatetemeka, na hakandi tena. Mwatime alidhani kadi ile imepotelea kwa wasafiri. Kumbe ilikuwa kwenye kopo, imefungwa karatasi kama zile nyingine.

"Ningeifuta," alisema. "Kwa mkono wangu mwenyewe ningemfuta mama yangu."

"Haujamfuta," Sabine alisema. "Yuko hapa. Sasa mkopi. Hiyo ni kazi unaijua."

Mwatime aliikopi video kwenye laptopu. Akaichomeka diski ya Jabir, akaikopi huko pia, na kwenye flashi tena kwa sababu moyo haukumtulia. Kisha alichukua plasta nyeupe na kalamu, akaibandika kadi ile jina: MAMA. Alikata shauri kwamba kadi zote za kopo zingepata majina kabla wiki haijaisha.

"Na tutatumia kadi gani?" aliuliza.

Jabir alikohoa. Akatoa mfukoni pakiti yenye memori kadi mbili mpya. "Nilizipitia dukani leo. Nilidhani zile zako zimezeeka. Nilinyamaza nikiogopa utasema nakudharau."

"Ningesema," Mwatime alikubali.

Sabine aliikagua pakiti. "Iko muzuri. Inatoka duka ya kweli. Kuko kadi zingine za barabarani zinasema ziko kubwa, kumbe ni bongo, uongo tu. Na ukubwa huu unatosha kabisa kwa kazi yako."

Mwatime alichomeka kadi moja mpya na kuifungua programu. Skrini ilimuuliza mambo matatu. Kwanza, una kompyuta ya aina gani? Alisoma jina lililoandikwa kwenye kasha na kulichagua. Pili, unataka mfumo endeshi upi? Alichagua ule uliopendekezwa, wenye madirisha na picha. Tatu, uandikwe wapi? Hapo yalitokea majina matatu. Kidole cha Mwatime kilikuwa tayari kubonyeza la kwanza.

"Simama!" Sabine alisema. "Soma. Hiyo ya kwanza ni nini?"

Mwatime alisoma. Ilikuwa diski ya Jabir. Diski yenye harusi za mtaa mzima, na sasa yenye mama yake.

"Yaa Rabi!" Jabir alisema, akaichomoa mwenyewe na kuipeleka chumbani.

"Njo sababu, kabla ya kuandika, unaondoa vyote vingine," Sabine alisema. "Diski, flashi, yote. Kwa laptopu inabaki kadi moja tu. Basi hata ukitaka kukosea, hakuna kitu cha kukosea."

Mwatime alichomoa na flashi, na sasa palikuwa na jina moja. Mwatime alilichagua. Programu ilimuuliza pia jina la mtumiaji, nywila, na waifai ya nyumbani. Alijaza. Mwisho iliuliza: kila kitu kwenye kadi hii kitafutwa, uendelee? Mwatime akabonyeza ndiyo.

Mstari ulianza kujaa polepole. Ulipofika mwisho, Jabir alinyoosha mkono achomoe kadi.

"Eh, papa! Bado!" Sabine alisema. "Imeandika. Sasa inasoma tena vyenye imeandika, ione kama iko sawa. Ukitoa sasa, kazi yote inakufa."

Jabir aliurudisha mkono kifuani. Mstari wa pili ulijaa. Programu ikasema kazi imekamilika, kadi itolewe.

Mwatime aliitia kadi kwenye kompyuta ndogo. Aliunganisha waya wa televisheni, kibodi na mausi. Umeme aliuweka mwisho, kama Sabine alivyomwambia. Taa nyekundu ikawaka. Kisha, pembeni yake, taa ya kijani ikaanza kupepesa.

"Voilà," Sabine alisema. "Ile ya kijani ikipepesa, inasoma kadi. Imeamka."

Televisheni ikawaka rangi. Layla alitoka chumbani mbio. Jabir alipiga makofi. Mwatime alisimama katikati ya sebule, mikono kichwani, akizunguka kama bi harusi anayetafuta pa kukaa. Furaha ilimzidi.

Sabine akasema, "Sasa izime."

"Niizime? Ndiyo kwanza imewaka!"

"Izime kwa menyu, si kwa ukuta. Unangoja ile kijani itulie. Njo unachomoa. Mtu akichomoa umeme ikiwa inaandika, kadi inaweza kuharibika. Ikiharibika, haiamki tena mpaka uiandike upya. Umesikia na wewe, Baba Layla?"

"Nimesikia," Jabir alisema, macho yake yako kwenye mahamri yasiyoungua.

Mwatime aliizima vizuri. Sabine alimwambia aitie kadi ileile kwenye laptopu, aandike upya tangu mwanzo, peke yake. Yeye Sabine alikula mahamri na kunyamaza. Mwatime alipokwama, alimtazama. Sabine aliendelea kutafuna. Mwatime alifikiri, akakumbuka, akaendelea. Mara ya pili skrini iliwaka bila neno la mtu.

"Ile faili usiitupe kwa laptopu," Sabine alisema akiwa mlangoni. "Na kadi ya pili, beba Jumamosi. Mashini inapenda kusumbua siku ya wageni."

Jumamosi asubuhi soko lilinukia vitunguu, kahawa na rangi mpya ya ukuta. Mwatime alivaa leso yake nzuri. Mbaazi za nazi zilikuwa kwenye sufuria. Mahamri mabichi yalikuwa yameumuka, yanangoja mafuta. Juu yake, skrini ilionyesha jina la kibanda, picha za mahamri, mbaazi na viazi vya karai. Chini ya kila picha paliandikwa vitu vilivyomo: unga, hamira, iliki, tui la nazi.

Kibanda cha jirani kilikuwa cha Nehemiah, kijana wa Nakuru aliyeuza kahawa. "Mathe, hii skrini yako imeweza!" alimsifu; ndivyo alivyomwita kila mama.

"Bado hujakionja kilicho chini yake," Mwatime alimjibu.

Msimamizi wa soko, Bwana Ethan, alikuwa ameanza kukagua upande wa pili. Jabir aliona mafuta bado hayajapashwa moto. Alichukua kikaangio cha umeme na kutafuta tundu la umeme. Matundu yote yalikuwa yamejaa. Akaona waya mmoja mwembamba ambao haukuonekana kuwa na kazi kubwa. Akauchomoa.

Skrini ikawa nyeusi.

"Baba Layla!" Mwatime alipiga kelele. "Umechomoa nini?"

Jabir aliutazama waya mkononi mwake. Akaurudisha haraka. Taa nyekundu iliwaka. Walingojea ya kijani. Haikupepesa hata mara moja.

"Nisamehe," Jabir alisema kwa sauti ndogo. "Wallahi nilisikia siku ile. Nilisikia, lakini nilikuwa nakula."

Mwatime alimpigia Sabine. Simu haikupokelewa. Alikumbuka: iko kwenye sanduku. Aliiona Jumatatu inamjia, na wazee wa Rockville, na mgongo wake. Aliwaona watu wa Wheaton wakimpa pole. Upande ule mwingine, Bwana Ethan aliandika kitu na kusogea kibanda kinachofuata.

Kisha Mwatime alijiona yeye mwenyewe mezani, anamtazama Sabine, na Sabine anatafuna mahamri bila kusema neno. Hapo ndipo alipomwelewa.

"Lete laptopu," alimwambia Jabir. "Halafu simama pale. Mikono mfukoni."

Jabir alileta laptopu, akasimama, akatia mikono mfukoni.

Mwatime alifungua kadi ya pili. Kabla hajaichomeka, aliondoa flashi iliyokuwa kwenye laptopu, akaitia ndani ya leso yake. Alifungua programu. Aina ya kompyuta: hii. Mfumo endeshi: alichagua ile faili aliyoambiwa asiitupe, kwa kuwa waifai ya soko ilikuwa inasuasua. Mahali pa kuandika: palikuwa na jina moja tu, naye alilisoma hata hivyo, kwa sauti. Akabonyeza ndiyo.

Mstari ukaanza kujaa.

"Unaenda polepole," Jabir alisema.

"Wewe usiuguse kwa macho."

Bwana Ethan alifika kwa Nehemiah. Nehemiah alimtazama Mwatime, akautazama ule mstari, akaelewa. "Boss, subiri kwanza," alisema kwa Kiingereza cha heshima. "Huwezi kukagua kahawa bila kuionja. Hii ni ya Kenya. Sasa onja hii nyingine, uniambie tofauti."

Bwana Ethan alionja. Alionja na ya pili. Mstari wa kuandika ulifika mwisho, na ule wa kukagua ukaanza. Mwatime alitamani kuichomoa kadi. Mkono ulimwasha. Akauficha mkono chini ya leso na kuhesabu punje za iliki mezani.

Programu ikasema: imekamilika.

Mwatime aliitoa kadi, akaitia kwenye kompyuta ndogo. Waya wa televisheni. Kibodi. Mausi. Umeme mwisho. Taa nyekundu.

Kijani ikapepesa.

"Inasoma!" Jabir alisema kwa nguvu hadi watu wa vibanda vingine wakageuka. "Inasoma kadi!"

Skrini ikawaka. Mwatime alichomeka flashi ili airudishe menyu yake. Ndani ya flashi palikuwa na faili mbili: menyu, na video ya mama yake. Hakuwahi kufikiria kuwaonyesha watu video ile. Sasa aliitazama kidogo, kisha akazifungua zote mbili kando kwa kando, akaijaza skrini. Upande mmoja paliandikwa unga, hamira, iliki, tui la nazi. Upande wa pili mikono ya Bi Ummu ilianza kukanda.

Bwana Ethan aligeuka kutoka kwa Nehemiah, midomo yake ina povu la kahawa. Alisoma skrini juu hadi chini. Aliuliza kama nazi imeandikwa. Imeandikwa. Kisha akasahau kuandika, akabaki kuitazama mikono ile.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni mama yangu. Hapo yuko kwetu, Ukunda."

"Na hii skrini, nani amekutengenezea?"

Mwatime alimtazama Jabir, naye Jabir alitoa mikono mfukoni na kumnyooshea mkewe yote miwili.

"Yeye," alisema. "Mimi kazi yangu hapa ni kuharibu."

Bwana Ethan alicheka, akaweka alama yake, akasema kibanda ni chake. Halafu akaomba mahamri mawili. Nehemiah aliinama juu ya ubao uliotenga vibanda vyao. "Mathe, ile yangu nayo inazimika ovyo. Utanionyesha hiyo kitu ya kadi?"

"Nitakuonyesha. Lakini sitagusa. Mikono iko yako."

Milango ilifunguliwa. Watu waliingia, wakaona mikono inakanda juu, wakasikia harufu ya iliki chini, wakasimama. Foleni ilianza. Mwatime alikaanga kwa umeme wa tundu aliloazimwa na Nehemiah, Layla alitia mahamri kwenye mifuko, Jabir alipokea wateja na kukaa mbali kabisa na matundu ya umeme. Wengine waliuliza yule bibi anasema nini kwenye video. Mwatime aliwatafsiria: unga usiuonee huruma. Walicheka na kuongeza viazi.

Katikati ya pilikapilika hizo, simu ya Layla iliita. Alikuwa Bi Ummu, anataka kuona kibanda. Kule Ukunda jua lilikuwa linaelekea magharibi. Layla aliinua simu juu, akaielekeza kwenye foleni iliyofika hadi mlangoni, kisha kwenye skrini na kikaangio chini yake.

"Bibi, ona!" alisema, na safari hii maneno yalimtoka kwa Kiswahili. "Wewe uko kwa TV! Watu wote wanaona wewe!"

Mkono wa Bi Ummu unaotetemeka ulionekana ukigusa kioo cha simu, pale mikono yake ya zamani ilipokuwa ikikanda mbele ya watu wa Wheaton. Mwatime aliacha kukaanga. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Umeiona, mama?"

"Nimeiona," Bi Ummu alisema. "Nimejiona. Ila waambie hao watu wasikusukume, wangoje. Mahamri hayo ya kushoto bado hayajafura."

Mwatime alitazama kushoto. Kweli, yalikuwa bado.